Inspekta wa Sauti Safi

Kila mara Inspekta alianza na sufuri. Kabla hajagusa uzi hata mmoja wa gitaa, alirudisha nyuma vifungo vyote vya amplifaya mpaka viishe: sauti sufuri, besi sufuri, trebo sufuri, mwangwi sufuri. Aliyepiga kabla yake alilalamika kwamba mpangilio wake umevurugwa. Inspekta alikaa mbele ya amplifaya iliyonyamaza kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini, kisha akaanza kufungua sauti kidogo kidogo, akipiga noti zilezile tatu, mpaka gitaa likaanza kukwaruza. Hapo alirudi nyuma upana wa ukucha. "Hapo," alisema. "Hapo ndio inakaa. Haijachafuka, na pia haijalala."

Nilimjua mwanamke huyu zaidi ya miaka kumi, na jina lake siliandiki kwa sababu hakuna aliyelitumia. Kitale yote ya mahindi ilimwita Inspekta. Hakuwa polisi. Kazi yake ilikuwa kupima unyevu wa mahindi katika ghala moja la nafaka, na neno lake ndilo lililoamua kama lori litashusha mzigo au litarudi lilikotoka. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Bungoma, na wikendi nilikuwa mwimbaji na mwenyekiti wa bendi ya harusi ya watu wanne: yeye kwenye gitaa, Wekesa kwenye besi, Wafula kwenye ngoma, na mimi mbele na koo langu. Alinizidi umri kwa miaka kumi na minane. Nilimwita Inspekta kama wengine, na nikiwa na shida nilimwita mama.

Alizaliwa wapi, na ukoo wake ni upi, sitaandika. Miaka ile kwetu swali hilo liliulizwa sana na watu ambao hawakuwa na nia ya kukukaribisha chai. Siku moja bwana mmoja kule Tongaren, akiwa ameshiba pilau ya harusi, alimuuliza, "Na wewe mama, ati ni mtu wa wapi hasa?" Inspekta alikuwa akifuta nyuzi kwa kitambaa. Alijibu bila kuinua uso, "Wa gitaa." Bwana yule akacheka akidhani ni utani. Alipoona anacheka peke yake akaenda kutafuta soda.

Nasema mapema nisije nikajipamba: mwanamke huyu alikuwa na wimbo mmoja wa kwake, na mimi nilisaidia kuuharibu. Nitafika hapo. Kwanza nataka aonekane jinsi alivyokuwa, na asionewe huruma, maana huruma aliichukia kuliko panya wa ghalani.

Pale ghalani kulikuwa na mashine ya kupima unyevu, lakini Inspekta alianza na jino. Alichukua punje moja, akaiweka kwenye jino la nyuma upande wa kulia, akaiuma. Punje kavu hulia. Punje yenye maji hailii, inakubali tu. Akishauma ndipo alipotumia mashine, na wafanyabiashara waliapa kwamba mashine ilikuwa ikimfuata yeye. Waliokuja na maneno matamu walirudi na mahindi yao. Waliokuja na vitisho walirudi nayo vilevile, wamechelewa zaidi, kwa sababu yeye aliwaacha wamalize vitisho vyote ndipo akawaonyesha lango.

Sauti ya gitaa kwa wimbo wa polepole wa roki aliitaka ilie hivyohivyo, kama punje kavu. Siku niliyojaribu kumpangia amplifaya nikidhani namsaidia, nilijaza besi na mwangwi kama mtu anayepika kwa mafuta ya bure. Mimi niliona inapendeza. Inspekta alipiga noti moja, akaisikiliza mpaka ikaisha.

"Hii yako iko na maji, Mwalimu."

"Maji gani tena, mama?"

"Ukisikia unaona kama iko nzito. Ngoja ikae siku mbili itaoza."

Akarudisha vyote sufuri na kuanza upya. Besi aliifungua robo tu. Trebo, ule ukali wa juu, ilifika nusu, ikarudi kidogo. Zile sauti za kati, ambazo watu wengi huzisahau, alizipandisha kuliko nyingine zote, kwa sababu hapo ndipo maneno ya wimbo yanakaa na gitaa lazima likae karibu nayo bila kuyakanyaga. Kwenye gitaa lenyewe alichagua sumaku ya kunasa sauti iliyo karibu na shingo, akapunguza sauti kidogo, akaiacha nguvu nyingine kwa vidole. Kwa nyimbo za polepole hakutumia plastiki ya kupigia. Alitumia nyama ya kidole gumba, na kidole hicho kilikuwa kigumu kama kisigino.

Amplifaya yake haikuwekwa sakafuni. Kumbi zetu zilikuwa za simenti na mabati, na simenti ikipata besi inanguruma bila kuulizwa. Kwa hiyo Inspekta alisafiri na nusu gunia la mahindi, makavu, limeshonwa mdomo, na juu yake ndipo amplifaya ilipokaa. Wekesa alilibeba akinung'unika kutoka Kitale hadi Bungoma na kurudi. Alisema amejiunga na bendi, hakujiunga na ghala.

Gunia hilo lilituponza katika harusi moja ya Tongaren. Wakati wa zawadi, akina mama wa upande wa bwana harusi walifika jukwaani wakicheza, wakaliona. Kwetu gunia la mahindi likiwa mbele ya maharusi ni zawadi, na hakuna anayeuliza. Waliishusha amplifaya sakafuni kwa adabu, wakalitwika gunia kichwani kwa vigelegele, na mwongoza sherehe akatangaza kwamba bendi nayo imetoa, wageni wengine wajifunze. Baada ya hapo ulikuwa wimbo wa kukata keki, wimbo wa polepole. Inspekta akapiga noti ya kwanza na ukumbi mzima ukanguruma.

Nilimnong'oneza, "Nikaliombe?"

"Zawadi hairudishwi. Lakini hii uchafu sipigi."

"Sasa tufanye nini?"

"Inueni."

"Tuinue nini?"

"Si hiyo amplifaya. Wewe na huyo kijana wa suti."

Kijana wa suti alikuwa msimamizi wa bwana harusi. Tukainua. Niliimba wimbo wote wa mapenzi nimeshika pembe moja ya amplifaya na yeye ameshika nyingine, na maikrofoni imefungwa kwenye stendi mbele ya pua yangu. Gitaa lilitoka safi kabisa. Kwenye picha za harusi ile tunaonekana wawili tumekumbatia sanduku, jasho linatutiririka, na nyuma yetu maharusi wanakata keki.

Watu walidhani ni kiburi. Labda kilikuwa kiburi. Mzee mmoja wa kanisa lake aliwahi kumwambia kwamba mama wa umri wake angependeza zaidi kwenye kwaya. Inspekta alimsikiliza kwa heshima, mikono nyuma, kisha akasema, "Kwaya iko na watu thelathini, mzee. Gitaa iko na mimi." Jumapili iliyofuata alikuja mapema kuliko mfagiaji, akachomeka waya, na mzee alipoingia alimkuta akitembea kati ya viti vitupu. Alikuwa na desturi hiyo. Alimpa mtu gitaa apige, yeye akaenda mpaka kiti cha mwisho karibu na mlango, akasikiliza kutoka pale. Alisema anayekaa karibu na amplifaya anajidanganya, na kwamba wimbo ni wa yule aliyekosa kiti cha mbele. Ukumbi ukiwa mtupu aliacha trebo iwe kali kidogo, mpaka ukunje uso. "Ngojeni wajae," alisema. "Watu na makoti yao watakula hiyo yote." Na kweli walipojaa, ukali uliisha.

Wapiga gitaa wa mjini siku hizo walipenda kukwaruza. Hakuwadharau, na mara nyingine aliwasikiliza mpaka mwisho. Alisema tu kwamba wimbo wa polepole unasema jambo zito, na jambo zito halisemwi na mtu aliyejaza chakula mdomoni. Mimi nilimpinga. Nilimwambia sauti safi namna ile inatisha, kwa sababu ukikosea hata kidogo kila mtu anasikia.

"Na wasikie," alisema.

Sijawahi kukutana na mtu mwingine anayesema hivyo na kumaanisha. Alikosea mara nyingi mbele yangu. Noti ikitoka vibaya aliirudia ikiwa sahihi, mbele ya watu mia tatu, bila kutabasamu ili asamehewe.

Lakini nisimfanye malaika. Redio yake ya nyumbani ilikwaruza miaka yote na hakuigusa. Nilipomuuliza alisema, "Hiyo si mimi napiga." Alichelewa mazoezi karibu kila Jumamosi, halafu akatukaripia sisi kwa kuanza bila yeye. Na mwanamke huyu aliyetuhubiria kwamba vidude vya kupamba sauti ni vya wavivu, siku moja aliniomba nimtolee leso kwenye mkoba wake, nami nikaipata imefunga kisanduku kidogo cha bluu, kile kinacholifanya gitaa moja lisikike kama mawili yanayopishana kidogo. Nilikiinua juu. Alininyang'anya.

"Hiyo ni ya beti ya mwisho," alisema. "Ya wimbo moja."

"Kumbe."

"Kumbe nini? Hata wewe uji yako unatia ndimu."

Wimbo huo mmoja ndio ule wa kwake. Aliutunga akiwa na miaka hamsini na kitu, na hakutueleza unamhusu nani. Ni wimbo wa mtu anayezungumza na mwenzake aliyeondoka: mlango sikufunga, lakini kiti chako kimepata mtu. Hauombi wala haulii. Gitaa linaanza peke yake, taratibu, noti moja moja zenye nafasi katikati, na nafasi hizo ndizo wimbo wenyewe. Aliniambia, "Hapo nikinyamaza usiingie. Hapo pia naimba." Tulipoupiga harusini wazee waliacha kutafuna. Alitaka kitu kimoja tu katika maisha yake ya muziki, na alikisema wazi: wimbo huo urekodiwe jinsi anavyousikia, mara moja, ubaki.

Tuliingia studio moja ya Bungoma, ghorofani, mwezi wa Desemba. Siku ya kwanza asubuhi yote iliishia kwenye sauti ya gitaa, mpaka mwenye studio akaanza kuangalia saa. Mchana wimbo ukarekodiwa, ukatoka vizuri kabisa. Lakini Desemba ni mavuno, malori yamepanga foleni Kitale, na Inspekta akarudi ghalani. Siku ya tatu mwenye studio akatuita sisi watatu.

"Hii gitaa iko uchi, bana," alisema. "Watu wanataka kitu ya kudansi. Mimi naweka kinanda na biti, gitaa nabakisha pale mwanzo tu. Hii itachezwa kila mahali."

Wekesa akauliza, "Na Inspekta je?"

"Si atasikia ikitoka."

Tukapiga kura, kana kwamba wimbo ulikuwa wetu. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti. Ningesema hapana, ingekuwa hapana. Niliinua mkono, kwa sababu nilitaka kujisikia redioni, na sina sababu nyingine ya kutoa.

Ulichezwa kila mahali, ndiyo. Inspekta aliusikia kwa mara ya kwanza Kitale, ukitoka kwenye kibanda cha muuza kaseti, akiwa amesimama kando kununua vitunguu. Siku tatu baadaye, akiwa ameshasikia habari za kura, alikuja shuleni kwangu Bungoma. Nilimwona kupitia dirisha amesimama kwenye jua, mkoba mkononi, nami nikarefusha somo la sehemu na desimali mpaka watoto wakaanza kusinzia. Mwishowe nikatoka.

"Ulikuwepo?" aliniuliza.

"Nilikuwepo, mama."

"Uliinua mkono?"

"Niliinua."

Alitikisa kichwa kama alivyofanya akisoma mashine ya unyevu. "Sawa, Mwenyekiti," alisema, na akaenda zake. Hakuwahi kuniita hivyo kabla. Bendi iliisha siku hiyo, ingawa mimi na Wekesa tulijidanganya kwa miezi michache zaidi. Watu walinipongeza kwa wimbo ule barabarani, nikasema asante.

Miaka mitano hakuniambia neno. Nilipata habari zake kwa wengine. Alistaafu ghalani. Alipiga kanisani kila Jumapili. Kinanda kilinunuliwa kanisani, kikawekwa mbele, na yeye akahamisha amplifaya yake upande wa pili akaendelea. Kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kiligoma kukunjuka, daktari akamwambia apumzishe mkono, naye akajifunza kupiga kwa vidole vitatu. Waliomwambia ameifanyia sanaa vya kutosha aliwauliza kama wao wameshapumzika kula.

Kisha simu yangu ikalia asubuhi moja nikiwa nasahihisha madaftari.

"Mwalimu."

"Inspekta?"

"Jumamosi saa nne. Kuna jamaa ameweka studio Kibabii, nyuma ya duka ya mbolea. Usikunywe kitu baridi."

Akakata.

Nilifika saa tatu. Yeye alifika saa tano, kwenye bodaboda, amplifaya imefungwa nyuma kwa kamba ya mpira na gitaa mgongoni. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe zote. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu siku ya simu, nimeyakariri kama mtoto anavyokariri shairi. Nikaanza, "Inspekta, ile siku ya studio—"

"Nilikuita uimbe," alisema. "Shika huko."

Studio ilikuwa chumba kimoja chenye magodoro ukutani, mlango wazi kwa sababu ya joto. Mwenye chumba alikuwa kijana mpole. Inspekta alikaa saa nzima na nusu akitafuta sauti yake, na kijana hakuangalia saa hata mara moja. Aliuliza tu, "Mama, nikuongezee mwangwi kidogo?"

"Ongeza, halafu upige mwenyewe."

Kijana akaacha. Shida ikawa jirani. Pale kando kulikuwa na mashine ya kusaga mahindi, na kila ilipowashwa umeme ulishuka, taa zikafifia, na gitaa likasinyaa kana kwamba mtu amelikalia. Mara mbili tulianza, mara mbili tukakatwa. Mara ya tatu Inspekta aliweka gitaa chini akatoka nje, nami nikamfuata. Kwenye mashine kulikuwa na foleni ya akina mama kama kumi, kila mmoja na debe lake.

"Nipeni dakika nne," aliwaambia.

Mwenye mashine alisema hapa ni biashara, kwani dakika nne za nini.

"Niko na wimbo. Nimeungojea miaka mitano. Zimeni dakika nne tu."

Akina mama wakatazamana. Mmoja mwenye kitambaa chekundu akasema, "Si umpe tu. Kwani unga itatoroka?" Mwenye mashine akazima. Akina mama wakaacha madebe yao kwenye mstari yawashikie nafasi, wakaja kusimama mlangoni kwetu.

Tukarekodi. Gitaa liliingia peke yake, kavu, kila noti mahali pake, na pale aliponyamaza nikanyamaza. Niliimba ubeti wa kwanza vizuri. Kwenye ubeti wa pili nilifika pale pa mlango na kiti, nikaviona vidole vyake vitatu vikifanya kazi ya vinne, na machozi yakanitoka. Noti ikavunjika. Inspekta akaweka kiganja juu ya nyuzi.

"Umelia."

"Nimelia, mama. Nisamehe."

"Na hii gitaa haina mahali ya kukuficha. Kunywa maji. Rudia."

Mwenye mashine alikuwa amefika, akagonga fremu ya mlango kwa funguo. Dakika nne zimeisha, alisema, sasa anawasha. Nilimwangalia Inspekta. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona ameogopa. Midomo ilikuwa imekauka, na mkono ulikuwa umeshika shingo ya gitaa kama mtu anayeshikilia mlango usifungwe.

Yule mama wa kitambaa chekundu hakuondoka mlangoni. "Mimi nimengoja tangu saa mbili," alimwambia mwenye mashine. "Zingine nne zitaniua? Wacha amalize."

"Wacha amalize," wakasema wengine.

Inspekta akahesabu, moja mpaka nne, kwa sauti ndogo. Safari hii sikumtazama. Niliimba nikitazama godoro la ukutani, nikayasema maneno yake jinsi yalivyo, bila kuomba na bila kulia, na ubeti wa mwisho ulipofika alikanyaga kile kisanduku cha bluu na gitaa likawa mawili. Noti ya mwisho aliiacha iishe yenyewe. Ilichukua muda mrefu.

Kijana akaturudishia tusikilize. Inspekta alitoka nje akasimama nyuma ya akina mama wote, mbali kabisa, karibu na madebe, akasikiliza wimbo mzima ameinamisha kichwa. Ulipokwisha, yule mama wa kitambaa chekundu akamgeukia.

"Ni mzuri sana. Na huyu ameimba ni nani?"

Nilikuwa mlangoni, nilisikia swali. Nilisubiri kusikia mimi ni nani.

"Ni mwimbaji wangu," alisema Inspekta. Kisha akamwambia mwenye mashine anaweza kuwasha.